Anajua nini hasa? Mwongozo wa kupima mafunzo ya wanafunzi katika kituo cha ufundi

Mwenye atelye (karakana) mmoja wa mtaa wa Kamalondo aliwahi kunipigia simu kuhusu kijana tuliyempeleka kwake kufanya staji, yaani mafunzo kazini. Hakulalamika, aliuliza tu: "Prof, ule mutoto munanitumia, anajua nini?" Nikamjibu kwamba kijana alimaliza mwaka na pointi 14 juu ya 20. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, ile nimesikia. Lakini anajua nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na karatasi ya diliberasio, ile ya matokeo ya mwaka, yenye mihuri yote, nikaipitia mstari kwa mstari, na hapakuwa na mahali palipoandikwa kama kijana anaweza kufunga prizi (soketi) yenye waya wa ardhi, ule unaomlinda mtu asipigwe na umeme, bila kusimamiwa. Palikuwa na 14.

Mwongozo huu nimeuandika kwa walimu wa vituo vya ufundi na vyuo vidogo vya hapa Lubumbashi, na popote penye darasa kubwa, vifaa vichache na umeme unaokatika. Mifano nitaitoa kwenye umeme wa majengo kwa sababu ndiko ninakofundisha. Ukifundisha ushonaji, sudura (kuchomelea vyuma) au uhasibu, badilisha vifaa, hatua ni zilezile.

Kwanza, pointi si kipimo cha kujifunza

Wengi wetu hukwama hapa kabla hata ya kuanza. Mwalimu anasema: "Lakini mimi napima! Natoa interogasio, yale majaribio mafupi, natoa mtihani, naandika pointi." Ni kweli. Sasa chukua hiyo 14 uifungue, uone imejaa nini. Kuna pointi za kuhudhuria. Kuna kazi ya nyumbani ambayo labda kaka yake alimsaidia. Kuna interogasio aliyopata sifuri kwa sababu siku hiyo alirudishwa nyumbani akatafute minervali, yaani ada. Kuna mtihani wa maandishi wa Kifaransa, ambao nusu yake unapima Kifaransa. Vyote hivyo vimechanganywa chungu kimoja, na aliyepika mwenyewe hawezi tena kukuonyesha chumvi iko wapi.

Tena pointi hufidiana. Anayejua hesabu za umeme vizuri sana lakini hajui kabisa kupima kama waya una umeme kabla ya kuugusa anaweza kupita kwa raha. Katika mfumo wa LMD wa elimu ya juu (lisansi, masta, udaktari), ambao sheria ya elimu ya Februari 2014 ilitufungulia mlango wake, kufidiana huko kumeandikwa wazi, na kuna sababu nzuri za kiutawala. Fundi wa umeme hana wa kumfidia. Akikosea jambo moja tu, anakufa yeye au anakufa mteja.

Kwa hiyo usitupe pointi. Kanuni zinazidai na wazazi wanazidai. Weka pembeni yake daftari la pili lenye swali moja: katika mambo machache tuliyoahidi kwamba mwanafunzi atayaweza, yapi anayaweza kweli, na yapi hayawezi?

Wenzetu wa Marekani wana vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambavyo kile kikongwe zaidi, cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Huko swali hili limegeuka kuwa kazi rasmi. Mashirika yanayovithibitisha vyuo hivyo huvidai vionyeshe matokeo ya kujifunza, si idadi ya waliohitimu peke yake. Kwa California dai hilo liliingia wazi katika vigezo vya mwaka 2002. Faida imepatikana, na hasara pia: kuna walimu waliojaza majalada kwa ajili ya wakaguzi huku darasani hakuna kilichobadilika. Sisi hatuna mkaguzi wa namna hiyo mlangoni. Basi tufanye kidogo, tufanye kwa ajili yetu.

Hatua ya kwanza: andika ahadi kwa kitenzi kinachoonekana

Chukua silabusi yako. Bila shaka ina maneno kama "mwanafunzi aelewe misingi ya umeme" au "afahamu kanuni za usalama". Kuelewa hakuonekani. Huwezi kusimama nyuma ya mtu ukamwona anaelewa. Unaweza kumwona anachagua, anafunga, anapima, anachora, anakokotoa, anaeleza, anatafuta kosa.

Mmarekani Benjamin Bloom na wenzake walitoa mwaka 1956 mpangilio wa ngazi za kufikiri, kuanzia kukumbuka tu hadi kutoa hukumu juu ya jambo. Huhitaji kuukariri. Chukua somo moja: uandikapo ahadi, jiulize kama unataka mwanafunzi akumbuke, atumie, au aamue. Mitihani yetu mingi huuliza ya kukumbuka, halafu tunashangaa fundi hawezi kuamua akiwa juu ya ngazi.

Ahadi nzuri ina vipande vitatu: anafanya nini, katika hali gani, kwa kiwango gani. Hii ni mojawapo ya zetu:

"Akipewa mchoro wa chumba kimoja, mwanafunzi anafunga kwenye ubao taa moja inayowashwa kwa swichi mbili na prizi moja yenye waya wa ardhi, kwa saa mbili, na anauhakiki ubao huo kwa multimetre (chombo cha kupima umeme) kabla ya kuomba umeme."

Ona kwamba ukisoma hiyo tayari unajua mtihani utakuwaje. Ukiandika ahadi ambayo haikuonyeshi mtihani wake, rudi uiandike upya.

Andika ngapi? Nne, au tano, kwa kozi nzima. Mara ya kwanza sisi tuliandika kumi na saba, tukajiona wasomi. Hatukupima hata moja.

Zisome kwa sauti mbele ya wanafunzi siku ya kwanza, kwa Kiswahili. Wataziuliza maswali, na maswali yao yatakuonyesha mahali ulipoandika vibaya.

Hatua ya pili: tafuta ahadi hiyo inafundishwa wapi

Hii ni kazi ya alasiri moja na walimu wote wa seksio (idara), pamoja na karatasi kubwa ukutani. Upande wa kushoto andika ahadi za programu nzima. Juu andika kozi zote. Katika kila kisanduku weka herufi: A kama kozi hiyo inaanzisha jambo, Z kama inalizoeza, P kama inalipima.

Kisha kaeni kimya mtazame. Mara nyingi mtakuta mstari wenye A tano na hakuna Z hata moja: kila mwalimu amelitaja jambo, kila mmoja akidhani mwenzake atalizoeza. Kwetu mstari huo ulikuwa wa waya wa ardhi. Ulitajwa kwenye nadharia ya umeme, kwenye usalama kazini, kwenye uchoraji, hata kwenye kozi ya vifaa. Hakuna aliyempa mwanafunzi nyundo na nondo akamwambia: shuka uani, uweke ardhi, upime.

Mkiona hivyo, msianze kulaumiana. Amueni nani atafundisha kwa mikono na wiki gani. Wakati mwingine kazi yote huishia hapa na tayari imelipa.

Hatua ya tatu: chagua ushahidi

Ushahidi ni wa aina mbili. Wa moja kwa moja ni kazi yenyewe: ubao uliofungwa, nguo iliyoshonwa, hesabu iliyofungwa mwisho wa mwezi. Wa pembeni ni maneno ya watu kuhusu kazi: mwanafunzi akisema anajiamini, mwenye atelye akisema kijana ni mzuri. Unahitaji vyote viwili, lakini usiruhusu wa pili ukae kwenye kiti cha wa kwanza. Nimeona wanafunzi wanaojiamini sana wakishika waya mbaya.

Hapa nitakaa kidogo, maana ushahidi wa moja kwa moja una mtego. Ubao ukiwaka, tunapiga makofi. Sasa fanya hivi: kabla ya mwanafunzi kupewa ubao uliokwisha kufungwa, nyuma ya prizi legeza waya wa ardhi utoke kwenye skrubu yake. Rudisha kifuniko. Washa umeme: taa inawaka, prizi inachaji simu, kila kitu "kinafanya kazi". Mpe mwanafunzi na umwambie: mteja anataka kujua kama kazi hii ni salama. Anayewasha taa na kusema "iko bon" amekuonyesha jambo ambalo mtihani wa maandishi usingekuonyesha kamwe. Anayekata umeme, akahakikisha kweli haupo, akachukua multimetre na kutafuta mwendelezo, yaani kama waya haukukatika njiani, kati ya tundu la ardhi na waya wa kijani na njano kwenye kisanduku, huyo unaweza kumpa nyumba ya mtu.

Kosa lililofichwa ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote. Kila fani ina la kwake. Mshonaji: mpe karatasi ya vipimo ambayo kiuno ni kikubwa kuliko makalio, uone kama atakata kitambaa. Mhasibu: mpe risiti mbili za malipo yaleyale. Sudura: mpe kipande ambacho mshono wake juu unang'aa na ndani haukushika.

Ushahidi wa maandishi nao una nafasi yake ukiuliza swali la mtaani. Usiulize "taja fomula ya nguvu". Uliza hivi: "Mama mmoja wa Katuba ana ralonji (waya wa kurefusha) yenye prizi tatu, imechomekwa kwenye prizi ya ukutani inayolindwa na disjonkta (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 16. Amechomeka resho (majiko ya umeme) mbili za wati 2000 kila moja. Umeme ni volti 220. Kitatokea nini, na utamwambia nini?" Mwanafunzi atagawanya wati kwa volti: resho moja inavuta ampea 9 na kidogo, mbili zinapita 18. Zimeizidi disjonkta kidogo, na inaweza kukata baada ya muda. Lakini tunamjua fundi wa mtaa wetu: akiitwa kwa sababu "disjonkta inasumbua", anaitoa na kuweka ya ampea 32, na hapo waya wa ukutani wa milimita mraba 2.5 unabaki bila mlinzi. Nusu ya pili ya jibu, atakachomwambia mama, ndiyo inayonionyesha kama hesabu imeingia kichwani au imekaa daftarini.

Na lugha? Mruhusu ajibu kwa Kiswahili, au achanganye, isipokuwa kama ahadi yenyewe inahusu kuandika ripoti ya Kifaransa. Mwaka mmoja tulimwuliza kila mwanafunzi maswali yaleyale mara mbili, kwa maandishi ya Kifaransa kisha kwa mdomo kwa Kiswahili cha kila siku. Kuna waliokuwa bubu kwenye karatasi na kumbe wanajua kazi nzima. Kuna waliokuwa na Kifaransa cha kupendeza, na ukiwabana kwa Kiswahili hakuna kitu chini yake.

Hatua ya nne: tengeneza jedwali la vigezo

Bila jedwali, mwalimu mmoja atatoa alama kwa usafi wa ubao, mwingine kwa kasi, wa tatu kwa sababu mwanafunzi ana adabu. Kwa ubao wetu tulichagua vigezo vitano: usalama kabla ya kugusa, uchaguzi wa waya na disjonkta, uunganishaji, upimaji kabla ya kuwasha, na maelezo kwa mteja. Kila kigezo kina ngazi nne, na kila ngazi imeandikwa kwa maneno yanayoonekana. Upimaji, kwa mfano:

Ngazi ya 1: anaomba umeme bila kupima chochote.
Ngazi ya 2: anashika multimetre na kupima, lakini mahali pasipofaa, au hawezi kusema namba aliyoiona ina maana gani.
Ngazi ya 3: anahakikisha hakuna mzunguko mfupi (shoti), anahakikisha waya wa ardhi unafika kwenye prizi, anahakikisha swichi zinakata fezi (waya unaoleta umeme) na si nyutro (unaourudisha), kisha anasema ubao uko salama au hauko.
Ngazi ya 4: anafanya yote ya ngazi ya 3, na akikuta kosa analifuata mwenyewe hadi lilipo na kulirekebisha.

Ngazi ya 3 ndiyo ahadi yetu. Ngazi ya 4 ni ya yule ambaye ungemwacha peke yake kwa mteja. Sikuweka ngazi ya 5, wala "vizuri", "vizuri sana", "bora". Maneno hayo hayapimi, yanasifu.

Kigezo cha usalama tukakipa sheria yake: aliye ngazi ya 1 anasimamishwa palepale na kazi inarudiwa siku nyingine. Hakifidiwi na kingine.

Kuandika jedwali kutakuchosha. Njia ya mkato ni kuchukua kazi kumi za zamani, au picha zake, kuzipanga kwenye meza kutoka mbaya hadi nzuri, kisha kujiuliza: kwa nini hii nimeiweka juu ya ile? Majibu yako ndiyo maneno ya jedwali.

Hatua ya tano: wapimaji wapimwe kwanza

Watu huiruka hatua hii, na mimi niliiruka mwaka mzima.

Chukueni mbao nane zilizofungwa na wanafunzi. Walimu wawili wazikague kila mmoja kivyake, bila kuzungumza. Mbao nane kwa vigezo vitano ni maamuzi 40. Hesabuni mara ngapi mmetoa ngazi ileile. Tuseme ni 29: hiyo ni kama asilimia 72. Sisi tumejiwekea kwamba chini ya asilimia 80 hatuanzi kazi. Mnakaa, mnachukua maamuzi 11 mliyotofautiana, mnaulizana. Mara nyingi ugomvi wote uko kwenye neno moja. Kwetu lilikuwa neno "nadhifu". Mwenzangu aliona waya zilizonyooka, mimi nikiona skrubu zilizokazwa. Tulilifuta neno, tukaandika: "akivuta waya kwa vidole, hautoki."

Kama uko peke yako kwenye kozi, mwite fundi wa nje. Hapa Lubumbashi hawakosekani, hasa wazee waliopita mikononi mwa kampuni za migodi au mafunzo ya INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyopo tangu 1964. Mwandalie chai na usafiri. Mzee wa aina hiyo atakukosoa mwenyewe kabla hajamkosoa mwanafunzi, basi jitayarishe.

Hatua ya sita: kusanya, hata umeme ukikatika

Darasa dogo, pima wote. Darasa kubwa, chukua sampuli, kwa kuwa lengo sasa ni kuijua programu, si kumpa kila mtu cheti. Kama una majina 96 na una nguvu za kupima 24, andika namba 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, mtoto mmoja achague. Akitoa 3, unapima wa 3, wa 7, wa 11, kuendelea hadi mwisho wa orodha. Usichague mwenyewe. Mkono wako utakwenda kwa wale wa mbele kabla hujajua.

Siku ya kupima, usitegemee delestaji (mgawo wa umeme) ikuhurumie. Panga kazi ili sehemu kubwa ifanyike bila umeme wa mtandao: kufunga hakuhitaji umeme, na kupima mwendelezo kunahitaji betri ya multimetre tu. Kuwasha kunakuja mwisho, mwanafunzi mmojammoja, mwalimu akiwa pembeni, jenereta ikibidi. Ni taratibu salama zaidi pia.

Mpangilio ambao umetufaa: meza nne, wanafunzi wanne kwa zamu, saa mbili kila zamu, walimu wawili wanaozunguka na jedwali mkononi. Zamu tatu kwa siku, siku mbili, watu 24 wamekwisha. Wanaosubiri wasikae mahali wanapoona, la sivyo wa zamu ya tatu watakuwa wamejifunza kwa macho. Kosa lililofichwa lihamishe kila zamu. Habari zinatembea kwa simu kabla mwanafunzi hajafika getini.

Kwenye karatasi ya kukusanyia usiandike majina, andika namba. Mkurugenzi akiziona baadaye asipate cha kumwambia mzazi.

Ushahidi wa pembeni ukusanye kwa wepesi. Mwisho wa somo, dakika mbili, kikaratasi kisicho na jina: "Leo nini hakijakaa sawa kichwani?" Kwa wenye atelye, ujumbe wa sauti wa WhatsApp wenye maswali matatu: kazi gani unampa bila kumsimamia? Kazi gani humpi? Mwezi huu alikosea nini? Watajibu kwa sauti wakiwa kazini, na utapata zaidi ya ulichouliza.

Hatua ya saba: soma kwa kigezo, usisome wastani

Kabla hujafungua karatasi, andika kwenye ubao kiwango mlichokubaliana. Sisi husema robo tatu ya waliopimwa wafike ngazi ya 3. Kwa watu 24, ni 18. Kiwango kiandikwe kabla. Ukikiandika baada ya kuona matokeo, kitafanana na matokeo.

Tuseme mmepata hivi kwa waliofika ngazi ya 3 au zaidi: usalama 19, uchaguzi wa waya 18, uunganishaji 20, upimaji 9, maelezo kwa mteja 17. Ukitafuta wastani utapata karibu watu 17 na utasema tumekosa kidogo tu, mwakani tutaongeza bidii. Bidii ya nini? Mstari unaosema kitu ni ule wa 9.

Sasa jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro, maelekezo hayakueleweka, multimetre moja ilikuwa na betri iliyokwisha? Je, jambo lilifundishwa? Je, lilizoezwa? Katika mfano huu fanya hesabu ndogo: kipindi cha atelye ni saa nne, kuna multimetre 2, wanafunzi 48. Dakika 480 za chombo kwa watu 48 ni dakika 10 kila mtu, ikiwa hakuna aliyeing'ang'ania. Na wapo wanaoing'ang'ania, ni walewale kila wiki. Huhitaji semina kueleza ile 9.

Mahali hapa walimu huingiwa na hofu, na nawaelewa. Mwenye kozi anaona namba 9 na anaisikia kama jina lake. Shefu wa seksio ambaye atatumia matokeo haya kupunguza masaa ya mtu, hata mara moja, hatapata tena karatasi ya kweli. Atapata karatasi nzuri. Semeni hili mapema, mbele ya wote, na mkurugenzi akiwepo: matokeo yanahusu programu, mkataba wa mwalimu unajadiliwa meza nyingine.

Hatua ya nane: badilisha jambo moja, kisha pima tena lilelile

Jambo moja. Mkibadilisha silabusi, ratiba, mwalimu na vifaa kwa pamoja, na namba ikapanda, hamtajua nini kiliipandisha.

Kwa upimaji, mabadiliko yanaweza kuwa haya: kila kipindi cha atelye kianze kwa dakika 15 za kupima, wanafunzi wakiwa watatuwatatu, mmoja anashika chombo, mmoja anaandika, mmoja anauliza "kwa nini hapo?", na wiki ijayo wanabadilishana. Kwa vikundi 16 multimetre 2 hazitoshi, hivyo azimeni kwa wanafunzi wenye zao, au tengenezeni kipimo cha mwendelezo kwa betri, taa ndogo na nyaya mbili. Kipimo hicho hakitoi namba, ila kinafundisha swali, na swali ndilo lililokosekana. Kikumbusho kimoja ambacho hakipunguzwi: chombo cha namna hiyo ni cha ubao uliokatwa umeme tu, kamwe kisiguse waya wenye umeme.

Baada ya muhula, pimeni tena upimaji peke yake, kwa jedwali lilelile, kwa kiwango kilekile. Ikitoka 9 ikafika 15, hamjafika 18, lakini mnajua mnakokwenda. Ikibaki 9, mabadiliko yalikuwa mabaya, au hayakufanyika. Nenda atelye siku ya Jumatatu asubuhi bila kutangaza uone kama zile dakika 15 zipo.

Kuhusu karatasi

Ukurasa mmoja kwa kila ahadi, kwa mwaka. Juu, ahadi yenyewe. Chini yake, kazi mliyotoa, watu wangapi, lini, nani walipima, walikubaliana kwa asilimia ngapi. Kisha namba kwa kila kigezo. Kisha sentensi mbili: tuliona nini, tumebadilisha nini. Mwisho, tarehe ya kupima tena na jina la kazi ya anayehusika, si jina lake yeye, maana walimu wetu wanahama.

Nakala moja ikae kwa katibu, nyingine ibandikwe kwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa vya atelye. Mwalimu mpya atakapokuja Oktoba kutafuta multimetre ataikuta hapo, pamoja na orodha ya mahali pa kuficha kosa. Hiyo ya mwisho iandikeni kwa mafumbo kidogo. Wanafunzi nao hufungua kabati.